Niliipeleka Kanda ya Mume Wangu Msibani

Wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Nimemwomba mwenye ukurasa alifiche jina langu kwa sababu mume wangu naye hulisoma gazeti hili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, tunakaa Butimba na watoto wetu watatu. Mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani, na tangu hapo kilichobaki kumpa moyo ni piano ya kanisani tu.

Zamani bosi wake mmoja alimwachia santuri za Wamarekani weusi, piano tupu, ule muziki wa bluzi na jazi. Alizisikiliza mpaka zikamwingia mikononi. Mwaka jana akatunga vipande vyake vinane, rafiki yake akamrekodi, ikatoka kanda. Jamani, alivyofurahi! Alikuwa anaishika kama mtoto mchanga.

Sasa maneno ya watu. Muuza kanda wa Mkuyuni alisema, "Kaka, jazi gani haina gitaa wala mwimbaji? Watu watacheza nini?" Mwalimu wa kwaya akasema hiyo ni ya baa. Mwenye baa akasema hiyo ni ya kanisani. Mama mkwe alipokuja kutoka Usagara alisikiliza upande mmoja, akaniuliza, "Mwanangu analilia nini humo na mimi bado niko hai?" Lakini wapo walioipenda, wee! Mkufunzi mmoja wa chuo alisimama dirishani kwetu mpaka ikaisha, akaomba na ya kwake. Mimi sikuielewa sana, ila ilikuwa inanituliza nikiwa napika. Kidogo kidogo ikaanza kununuliwa.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Jirani yetu alifariki, yeye Mkristo, wakwe zake Waislamu. Pale msibani wakaanza kuvutana, hawa wanataka kanda za kwaya, wale hawataki. Mume wangu alikuwa Geita kutafuta kazi. Mimi na kiherehere changu nikasema, "Nyumbani kuna kanda haina neno hata moja, haitamkera mtu." Ikapigwa siku mbili, watu wakalia mpaka basi. Niliona fahari, nisiwafiche. Wiki iliyofuata wakaja wafiwa wengine kuiazima, nikatoa. Na wengine tena, nikatoa, mwenyewe bado yuko Geita.

Basi ikapata jina: kanda ya msiba. Na mnatujua sisi, kitu cha msiba hukiingizi nyumbani kwako kwa heri. Yule muuza kanda alipoipiga dukani, mteja akamfokea, "Zima hiyo, unatuitia kifo!" Akanirudishia mimi boksi zima, akanieleza na sababu. Mume wangu nikamwambia tu kwamba hainunuliki.

Akanyong'onyea. Chakula hali. Siku moja akaniuliza, "Mama watoto, niambie ukweli. Kasoro iko wapi?" Nikaropoka la kwanza lililonijia, "Labda wangependa uimbe."

Mungu anisamehe. Mume wangu hajui kuimba hata kidogo! Sasa kila jioni anakwenda kanisani kujizoeza, anarudi sauti imekauka. Mwisho wa mwezi huu anarekodi upya, na anarekodi juu ya ile ile kanda mama, inayotolewa nakala zote. Ameshabandika selotepu kwenye yale matundu yanayoikinga kanda isirekodiwe tena, ili ile ya kwanza ifutike. Nilipomwambia aiache, akasema, "Ya nini, na watu wameikataa?" Watu hawakuukataa muziki, mimi ndiye niliyewatia hofu.

Nilikuwa nimejikaza nimweleze wiki iliyopita. Usiku ule mtoto wetu wa mwisho akashikwa na malaria, anaweweseka. Baba yake akaiweka ile kanda taratibu ili mtoto apate usingizi. Wenzangu, sijui nini kilinipata. Nilitoka jikoni mbio, nikaizima kwa nguvu hadi redio ikaanguka.

Akaiokota redio. Akasema, "Kumbe hata wewe, mke wangu."

Yeye anadhani nimeuchukia muziki wake, na mimi niliogopa mtoto asife. Siku zinakwisha na mdomo wangu haufunguki. Nishaurini, ndugu zangu, mtu kama mimi anaanzia wapi kusema?