Mteuzi wa Usoke

Kwa miaka arobaini mteuzi wa tumbaku pale Usoke alipanga madaraja kwa vidole na pua, si kama hawa wa leo wanaotazama simu kwanza. Alisugua jani karibu na sikio, akalinusa, akasokota kipande akakivuta, ndipo akatamka: "La nne." Mkulima asiyeridhika alikunja kona ya tiketi iliyoandikwa daraja, na hapo sharti robota lake la tumbaku lipimwe upya. Mteuzi alipima upya, akatamka lilelile. "Jani halisemi uongo, ndugu yangu."

Sasa ameketi mbele ya daktari, binti wa umri wa mjukuu wake. Amekohoa miezi mitano, makohozi yana damu, na suruali anaifunga kwa kamba. Kinyama kilichokatwa pafuni kimerudi na majibu.

"Ni saratani ya mapafu, babu. Imeshafika kwenye ini. Hatua ya nne."

"Ya nne kati ya ngapi?"

"Kati ya nne."

Akaipokea karatasi, akaipapasa kwa kidole gumba, akainusa. Kisha akaikunja kona taratibu, akamrudishia, akangoja.

Daktari akainyoosha ile kona, akaitia karatasi kwenye faili.