Tembo wa Siku ya Pili ya Idi

Jumapili, siku ya pili ya Idi. Asubuhi manyunyu, saa sita jua likatoka kali, hewa nzito, hakuna upepo hata wa kutikisa kanga kwenye kamba.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, watu wakiwepo. Elimu yangu ni darasa la saba, sijui kupamba maneno, kwa hiyo hata ningetaka kuongopa ningeshindwa. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Siku hiyo nilianza kazi kwenye bustani ya michezo ya watoto upande wa Rahaleo, yenye farasi wa kuzunguka na jumba la mpira la kurukia. Kuanza si neno la haki, nilikuwa najaribiwa. Mwenye bustani, Bi Shirin, wa ukoo wa Wahindi wenye maduka Mikindani, alikuwa amenunua mavazi mawili ya manyoya ya kuchekesha watoto: sungura na tembo. Sungura nivae mimi. Tembo avae kijana wa Madimba anayeitwa Hashimu, ambaye sikuwahi kumwona. Bi Shirin hakuzungusha maneno. "Mpaka adhana ya magharibi, mwanangu. Watoto wakicheka, kesho uje. Wakilia, tusilaumiane."

Niliitaka ile kazi kuliko nilivyoonyesha. Mikorosho ya mume wangu ilikuwa imepigwa na ugonjwa wa ubwiri unga, maua yote meupe kama yamenyunyiziwa sembe, na mimi ndiye niliyejigamba mbele ya mama mkwe kwamba nitapata kazi.

Basi watoto wakalia. Wa kwanza alilia kwa kuniona mimi, wa pili kwa kumwona wa kwanza, ikawa ndiyo hivyo. Mama mmoja akanisogelea kwa upole: "Dada sungura, kaa mbali kidogo, huyu usiku hatalala." Sikumlaumu. Nikitazama kivuli changu naona gunia limeota masikio. Miguu nayo ilikuwa mizito. Huko Mtawanya nilikokulia, kinyago kikitoka kwenye ngoma, kazi yetu wanawake ilikuwa kupiga vigelegele na kukimbia. Kuingia ndani yake nani angetufundisha?

Hapo tembo akatoka nyuma ya jumba la mpira.

Hakunisalimu. Alikanyaga chini mara tatu, akasimama ghafla, mabega yakatetemeka peke yake, halafu akawaendea watoto kwa hatua ndogondogo za haraka na kugeuka kabla hawajapata nafasi ya kuogopa. Aliyezaliwa huku kwetu angeijua ile mara moja. Ndivyo anavyocheza lipiko, yule mcheza kinyago wa Kimakonde anayetoka vijana wakirudi jandoni. Tena alicheza ameinua kichwa, kidevu mbele, kama mtu anayetazamia tundu la mdomo wa kinyago, na hivyo ndivyo wanavyotazama mapiko. Mavazi yetu yana wavu kwenye macho. Nililiona hilo, naapa nililiona, nikasema labda wavu wake mbovu.

Alikanyaga tena, akanisubiri. Nikakanyaga. Akatikisa bega, nikatikisa. Nikikosea anarudia polepole, wala hakuchoka nami. Wale wale waliokuwa wanalia wakaanza kutuchokoza, wanatugusa mkia na kutimka, wanarudi na ndugu zao. Mwanamume mmoja mtu mzima alipiga makofi mpaka mkewe akamwambia ashike mtoto. Mimi nilikuwa nacheka humo ndani, jasho linaniingia kinywani.

Kila baada ya muda nilijificha nyuma ya kibanda cha tiketi, navua kichwa, nakunywa maji. Yeye hakuvua hata mara moja. Nikampelekea chupa. Aliipokea kwa mikono miwili, akamwaga kidogo mchangani, akanirudishia. Nikaona vijana wa siku hizi wana maringo.

Utaniuliza, mbona hukumsemesha saa zote zile? Ndiyo malezi yetu. Aliye ndani ya kinyago haulizwi yeye ni nani, wala haitwi jina. Hata ukitambua vidole vya mguu vya mjomba wako, unanyamaza. Nilinyamaza tangu saa tisa mpaka adhana.

Adhana ilipolia, tembo akaelekea stoo. Nikamfuata nimshukuru, na hapo ndipo nilipokosea. Furaha ilinizidi. Nikasema, "Kaka Hashimu, ahsante."

Akasimama. Hakugeuka. Mabega yakashuka, kama ya mtu aliyeambiwa ngoma imekwisha. Akaingia stoo. Niliingia nyuma yake, hatua tano hivi, zikizidi ni saba, na stoo ina mlango mmoja.

Ndani alikuwamo Bi Shirin peke yake, amekalia boksi, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Akasema Hashimu alimpigia simu tangu saa nane, pikipiki imemharibikia njiani, haji. Nikauliza, na vazi la tembo? Akainuka. Lilikuwa kwenye lile boksi alilokalia. Utepe wa gundi uliolifunga haujaguswa.

Niwe mkweli kwa pande zote. Bi Shirin anasema kila alipochungulia nje alimwona sungura tu, ila alikiri kwamba alisinzia. Fadhila wa tiketi aliwaona wawili, na anaapa. Mama mmoja alitupiga picha. Puto jekundu limemziba tembo mzima, limebaki sikio moja, na hilo sikio nalo linaweza kuwa mwamvuli wa muuza aiskrimu.

Kazi alinipa palepale. Ningeweza kunyamaza. Lakini nisingeweza kuichukua kwa mchezo usio wangu, nikamwambia, "Bi Shirin, nisikudanganye. Nimefundishwa leo hii, na huyo tembo."

Alilitazama boksi, akasoma kitu kwa Kiarabu chini chini, akanitazama mimi. "Kesho saa nane. Na huyo mwenzio, kama hataki mshahara, mwambie naye aje."

Hakuja. Kazi ninayo mpaka leo, na Hashimu ndiye tembo. Ni kijana mzuri, anajitahidi, lakini watoto waliokuwepo siku ile huniuliza yule mwingine yuko wapi. Mimi mwenyewe nikicheza nainua kidevu bila kutaka, na upande wangu wa kushoto naacha nafasi ya mtu mmoja. Pengine nilichoka tu na joto. Nimelifikiria hilo sana, nalo linafika mahali linakwama.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukikutana na kinyago kinakusaidia, shukuru kwa kucheza. Usikipe jina. Usikifuate kilikoingia.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimsimulia mama mkwe yote, huku anasonga. Nilidhani atacheka, au atanikataza kurudi. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulimwita jina?"

"Nilimwita, mama."

Akatikisa kichwa, akaugeuza ugali. "Haya. Lakini kazi umepata."

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na kiporo cha pilau ya Idi, watoto wakagombea ukoko. Mama mkwe aliniongezea kisamvu mara mbili bila kuniuliza.