Mzee Taratibu na Kompyuta Iliyogoma

Kwa miaka arobaini na moja Mzee Taratibu hakuwahi kulazimisha kitu chochote kwa mikono yake, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilibanwa kati ya mshona viatu na duka la vifuniko vya simu, na upana wake haukuzidi kitanda cha mtu mmoja. Alikaa humo tangu asubuhi, kioo cha kukuzia kimening'inia kwenye jicho la kulia, akiokota skrubu ndogo kuliko punje ya mtama na kuzipanga juu ya kitambaa cheupe, kila moja kwa zamu yake, kama zilivyotoka. Mteja akimharakisha, alijibu bila kuinua kichwa, "Taratibu, bwana, taratibu." Ndipo jina likamganda, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti.

Msidhani alizaliwa hivyo. Ujanani alikuwa na papara kama vijana wengine. Siku moja, akiwa bado anafundishwa kazi, alikaza kifuniko cha saa kilichokuwa kinakataa, na kitu ndani kikalia *tk*. Mwalimu wake hakumpiga wala hakumtukana. Alimtuma aipeleke saa ile kwa mwenyewe na aseme kwa mdomo wake, "Mimi ndiye niliyeivunja." Mwenyewe alikuwa ameachiwa ile saa na marehemu baba yake. Aliipokea, akaitia mfukoni, akafunga mlango. Tangu siku hiyo kitu kikimkatalia, kijana yule alikiachia.

Ubaya ni kwamba tabia ya mkono iliingia mpaka kwenye ulimi. Nyumbani hakubishana na mtu. Wakitaka kupaka ukuta rangi ya chungwa, sawa. Wakitaka kumuuza mbuzi wake, sawa. Mkewe, mkunga aliyestaafu, mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa zaidi, alizoea kusema, "Mimi nimeolewa na mto wa kulalia." Alisema kwa mapenzi, lakini alisema.

Basi siku hizi saa iko kwenye simu ya kila mtu, na kibanda kilikuwa kinapokea betri za kubadilisha, mikanda ya kukata, na wapita njia wanaouliza njia. Binti yake, mchoraji wa ramani za nyumba, alimjia Jumapili moja akakaa karibu naye.

"Baba, mwezi huu ukiisha tufunge kibanda. Umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

Mzee akatazama vidole vyake. "Nimesikia," akasema.

Sasa, sote tunajua kwamba "nimesikia" si ndiyo wala si hapana. Ila katika nyumba ile ilihesabiwa ndiyo, maana mzee hakuwa na jibu jingine. Moyoni lakini alikuwa anaogopa, tena sana. Aliwahi kuwaona wenzake waliopumzika. Walikaa vibarazani asubuhi mpaka jioni, na mtu akiuliza "Yule mzee ni nani?", aliambiwa, "Alikuwa fundi."

Wiki ileile kompyuta ya binti ilikufa, na kazi yake haiendi bila kompyuta. Akanunua vipande vya mpya, kimoja kimoja, aifunge mwenyewe. Alipita navyo kwa wazazi wake, na mzee alipoviona mezani, macho yakamng'aa.

"Niachie mimi," akasema. "Kuunganisha vitu vidogo ndiyo kazi yangu."

Binti akakubali. Lakini alipotoka uani kuagana na mama yake, mzee aliyasikia maneno haya kupitia dirishani: "Mwache ajaribu, mama. Ikishindikana, nitaipeleka kwa fundi."

Kwa fundi! Na yeye ni nani, mpishi?

Alianza Jumatano. Alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya kulia chakula na kumfukuza mkewe na vikombe vyake. Akasoma kile kijitabu chenye michoro kama msomi anayejiandaa kwa mtihani. Akafunga ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, akaweka prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa pumzi iliyozuiwa, feni yake juu, sanduku la umeme chini, waya zote zikalala zimenyooka. Mwisho akaweka vijiti viwili vya ramu, ile kumbukumbu ambayo bila hiyo kompyuta haiwezi kuwaza chochote, akavishusha kwenye mifereji yao polepole mno. Kila kijiti kilishikwa na kibano upande mmoja. Upande wa pili kibano kilibaki wazi kama upana wa ukucha. Alikiona. Akadhani ndivyo kilivyoumbwa.

Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa zikawaka, nyumba ikavuma. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Alhamisi nzima alihangaika. Alifungua kila kitu, akakipangusa, akakirudisha. Aliyasugua meno ya ramu kwa kifutio cha penseli, akabadilisha waya wa skrini, akatoa kila ambacho kingeweza kutolewa na kuanza na vichache, kama afanyavyo saa ikisimama. Aliweka hata sikio kwenye sanduku kusikiliza. Mshona viatu, aliyekuja kutazama kwa nini jirani yake hajafungua kibanda siku ya pili, alitoa ushauri wa kitaalamu. "Ipige kofi moja. Redio yangu ndiyo dawa yake." Mzee alimsindikiza mpaka mlangoni.

Ijumaa asubuhi alizifunga zile ramu kwenye leso, akaenda kwenye duka la vipuri. Muuzaji alikuwa dada mwenye kucha ndefu nyekundu na miwani iliyopandishwa utosini.

"Binti yangu, nadhani hizi ni mbovu."

Dada akazichukua, akazipachika kwenye kompyuta ya dukani kwa kiganja. *Ta! Ta!* Mzee akaruka.

"Taratibu, mama! Utazivunja!"

"Mzee wangu, hili si yai," dada akacheka. Kompyuta ikawaka palepale. "Unaona? Nzima kabisa. Shida iko kwenye ufungaji. Nani amekufungia?"

Mzee akazifunga tena kwenye leso yake. "Mtu mmoja," akasema, akaondoka.

Njiani alitembea kama mgonjwa. Kama vipande ni vizima, basi kibovu ni mkono. Hakuna hesabu nyingine. Miaka arobaini na moja, na sasa mikono imemwacha bila hata kumuaga, na binti yake ameliona hilo kabla yake. Nyumbani alivaa kioo chake, akaanza kuzirudisha ramu kwa mara ya nane, mradi tu mwanawe akija jioni asikute vitu vimetapakaa mezani. Machozi yalikuwa karibu. Usimcheke, nawe utafika huko.

Mkunga alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la maharage mkononi, anachambua. Siku tatu alikuwa amefukuzwa mezani, kwa hiyo ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaona jambo lenyewe.

"Ndiyo umemaliza?"

"Nimemaliza. Haiwaki. Atakuja kuichukua aipeleke kwa fundi." Akavua kioo chake. "Kibanda nacho tufunge tu. Hajakosea."

Mkunga aliinama, akakitazama kile kijiti cha ramu. "Mbona huku kibano kimefunga na huku kiko wazi?"

"Ndivyo kilivyo."

"Nani kasema?"

"Nimeshusha mpaka kilipokataa. Kikikataa, hukilazimishi."

"Fundi," mkewe akasema, akaweka bakuli juu ya kitambaa cheupe, na siku ile hakufukuzwa. "Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini. Kuna wakati wa kusubiri, na aliye na haraka wakati huo ni muuaji. Lakini kuna wakati wa kusukuma. Ukisubiri hapo, nao ni uuaji uleule. Weka vidole gumba."

"Itavunjika."

"Weka vidole gumba nimekwambia!"

Akaviweka, kimoja kila upande. Akakandamiza kidogo. Kijiti kikakataa, na mzee akahisi kukataa kule mpaka kwenye meno. Akaiona ile saa ya marehemu, akauona ule mlango unafungwa. Vidole vikaanza kulegea vyenyewe.

"Sukuma!" Mkunga akapiga kelele, ile sauti iliyokuwa inavuka wodi nzima. "Usilegeze! Sukuma! Tena! Sukuma, baba, sukuma!"

Mzee akafumba macho, akasukuma. Ubao ukapinda kidogo chini ya mikono yake, akasema moyoni basi, nimeua. *Ta!* Kibano kilichokuwa wazi kikajifunga chenyewe. Kijiti cha pili hakikuhitaji mkunga.

Alibonyeza kitufe akiwa ametazama ukuta. Alikuwa hawezi kuitazama skrini. Mkewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo asiyoitumia mara nyingi, "Mume wangu, geuka."

Skrini ilikuwa imewaka, imejaa maandishi meupe. Na pale juu kwenye kona, kulikuwa na saa. Ilikuwa inasema ni saa sita usiku, siku ya mwaka mpya, ya mwaka fulani wa zamani huko. Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kisha akachungulia ndani ya sanduku. Kwenye ubao, kando ya ramu, kilikaa kibetri cha duara kama anavyouza yeye kila siku kibandani. Siku tatu alikuwa amekipangusa, bila kujiuliza kinalisha nini.

"Mkunga," akasema, "humu ndani mna saa!" Akaanza kucheka, machozi yakapita humohumo ndani ya kicheko. Kabla ya kufanya lolote lingine, alivua saa yake ya mkononi, akaiweka kando ya skrini, akairekebisha ile ya kompyuta mpaka zikalingana dakika kwa dakika.

Binti alifika saa kumi na moja jioni. Alisimama mlangoni, akaitazama skrini, akamtazama baba yake, na furaha yake ikamponyoka ulimini kabla hajaipima.

"Inawaka! Baba, umemwita fundi?"

"Fundi ni mimi," mzee akasema.

Binti akaona alilolisema. Akaja kumshika mkono, anaomba radhi, na mzee akamwambia si kitu, si kitu, kama kawaida yake. Kisha akakohoa.

"Mwanangu, lile jambo la kibanda..."

"Ndiyo, baba?"

Mzee akatazama vidole vyake. Neno lilifika kooni likasimama. Kwa kweli jambo lingeishia palepale, kama lilivyoishia miaka yote. Lakini jikoni mtu aliacha kukoroga chungu.

"Sukuma!"

"Sifungi," mzee akasema. Akalirudia kwa nguvu zaidi, na halikuvunja kitu. "Kibanda sifungi. Mtu akileta saa, atanikuta. Asipoleta, atanikuta vilevile."

Binti alimkodolea macho baba ambaye hakuwahi kumsikia. "Nimesikia, baba," akasema mwishowe.

"Hapana," mzee akasema. "Hiyo 'nimesikia' ni yangu, naijua inavyokaa. Sema ndiyo."

"Ndiyo, baba."

Jikoni, mkunga akaendelea kukoroga chungu.