Mgongo wa Luhende na Majani ya Mtemi Mahona

Klementina binti Luhende alikuwa na maksai wawili wa plau, mmoja akiitwa Sabuni, mwingine Serikali. Ukipita kijijini kwao, upande wa Sapiwi, mvua za kwanza zinapoanza, ungemsikia shambani: "Serikali, vuta! Serikali, usilale!" Wapita njia walicheka hadi wakashuka kwenye baiskeli. Yeye hakucheka. Alikuwa mjane, na kwa maksai hao alilima pamba yake, kisha akawalimia wajane wenzake kwa malipo ya kibaba cha mtama tu.

Sasa nikueleze nguvu ya maksai hao ilitoka wapi. Kijiji kilikuwa na ngitili, yaani pori la majani linalofungwa mvua zikianza, ng'ombe asitie mguu humo mpaka kiangazi kikolee. Hapo linafunguliwa, mifugo inakula, na mvua ikirudi maksai wana shingo ya kubeba nira. Asiye na ngitili hulima amechelewa, na pamba iliyochelewa unaijua mwenyewe.

Ngitili hiyo iliwekwa na Mtemi Mahona, enzi za Mwingereza. Hapo ndipo ugomvi ulipolala. Taja jina lake penye pombe, mzee mmoja atasema, "Alituokoa na njaa." Mwingine atatema mate. "Alituokoa? Alituchapa!" Na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Ikaja miaka ile ya tisini, pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi. Malori yakaingia na mizani zake, kila mtu akataka ekari zaidi. Januarius, wakala wa mnunuzi mmoja, akatoa hoja: ngitili ikatwe vipande, watu wagawiwe, walime pamba. Januarius huyu alikuwa amemwoa Flora, binti wa Klementina. Kwa hiyo alipokwenda kwa mama mkwe, alisimama mbali, nje ya ua, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, baba. Flora hajambo?"

"Hajambo. Mayu, kuna mkutano Jumamosi. Naomba usimame uwaambie Mahona alivyomfanya baba yako. Kwako watasikia. Pori la mtu katili tulitunze la nini?"

Klementina aliwatazama maksai wake. Ngitili ikienda, Sabuni na Serikali wamekwenda nayo. Lakini hajawahi kuulizwa habari za baba yake mbele ya watu.

"Nitasema," akajibu. "Ila nitasema yote. Kusema nusu siwezi."

"Yote, mayu! Ndiyo nayataka."

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Mwenyekiti, Onesmo, akafungua. Januarius akasema vizuri, akapigiwa makofi. Kisha akamwita shahidi wake.

"Nilikuwa na miaka saba," Klementina alianza. "Ng'ombe wetu walivunja uzio wakaingia ngitili. Mahona akamlaza baba kifudifudi barazani, mgongo wazi, viboko kumi na viwili. Na bibi, mama yake mama, alikuwepo. Alimwona mkwe wake amevuliwa shati analia. Baba hakukanyaga tena ukweni. Bibi alipokufa, alikaa nyumbani akisikiliza ngoma ya msiba kwa mbali."

Wanawake waliinamisha vichwa. Januarius akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Mahona akafungua ngitili. Alisimama mlangoni mwenyewe, akaruhusu ng'ombe kumi kwa kila mji, yaani kila kaya. Yeye alikuwa nao mamia. Aliingiza kumi. Waliobaki walikufa, tukavuta harufu yao mwezi mzima. Baba alikataa kuwapeleka ng'ombe wake. Mama akawaswaga yeye. Tulikuwa watoto watatu, tuliishi kwa maziwa yale. Baba hakuyaonja."

Onesmo akauliza, "Sasa mayu, unatuambia alikuwa mtu mwema?"

"Aliyemwona baba yangu siku ile hawezi kumwita mwema. Lakini sitawadanganya kwamba maziwa sikunywa."

"Mayu, umenigeuka!" Januarius alilalamika, akisahau hata kuinamisha macho.

"Uliniomba yote, baba. Na hiyo pamba, plau utavuta wewe?"

"Mfungeni nira tumwone!" bibi Milembe alipaza sauti kutoka nyuma, na uwanja ukaanguka kicheko.

Mikono ikahesabiwa, ngitili ikabaki. Mzee mmoja akataka kiboko kirudi kwa watakaoivunja. Klementina akasimama tena, safari hii bila kuitwa. "Kiboko hapana. Mwenye ng'ombe atakayeingia, akae ailinde siku saba, chakula ale chake." Wakakubali.

Januari, palizi imepamba moto, sungusungu walimkuta ng'ombe katikati ya ngitili, majani yanamfikia tumboni. Alikuwa Serikali, kamba imekatika. Onesmo alimrudisha mwenyewe, ameona haya.

"Mayu, tuisamehe mara hii. Ndiyo ya kwanza."

"Ndiyo maana haisameheki," alisema, akachukua kigoda na mfuko wa michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, akaenda kukaa. Pamba yake ikaanza kumezwa na magugu.

Siku ya nne Januarius alipita na baiskeli. Akasimama mbali.

"Mayu, Mahona angekuchapa kumi na viwili, leo ungekuwa unapalilia."

"Kweli, baba. Na wewe ungekuwa umesimama hapo unaniona mgongo wazi."

Januarius aliinamisha macho, akapanda baiskeli yake akaondoka polepole.

Wengi wameniuliza mimi, baada ya kusikia habari hii, kama Mahona alikuwa shujaa au mwovu. Nilimuuliza Klementina mara moja. Akaniambia niende nikayaone majani, kisha niende kwenye kaburi la baba yake, nikirudi tutaongea.

Asubuhi ya siku ya tano, akiwa bado kwenye kigoda chake, alimwona Flora kwa mbali anaingia kwenye pamba ya mama yake na jembe begani. Na nyuma yake, mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, Januarius naye na la kwake.