Notisi ya Siku Saba ya Kujitoa Umojani

Jambo hili limekwisha kusimuliwa vibaya na watu wawili watatu hapa Moshi, na mmoja wao alithubutu kusema kwamba nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Nilijitoa mwenyewe, kwa maandishi, na kwa notisi ya siku saba. Ninaandika ili kumbukumbu zikae sawa.

Ilikuwa miaka michache baada ya kustaafu kwangu, wakati kafe za intaneti zilipokuwa zikifunguliwa moja baada ya nyingine karibu na stendi. Nilikuwa nimesimamia masijala ya ofisi moja ya serikali kwa muda mrefu wa utumishi wangu, na katika kipindi hicho hakuna jalada lililopotea mikononi mwangu. Mara tatu kwa juma nilishuka kutoka mlimani kuja mjini kusoma barua pepe za binti yangu aliyekuwa masomoni ng'ambo. Siku moja nilimkuta kwenye kompyuta ya dirishani mama mmoja niliyemfahamu vizuri. Alikuwa mpiga chapa wetu kabla ya kupunguzwa kazini. Sasa alikuwa mjane, anaishi Rau, anafuga ng'ombe wawili wa maziwa.

"Shikamoo, bosi," alisema bila kugeuza macho.

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Navuna ngano."

"Ngano ya wapi, na wewe unaishi Rau?"

"Ya humu ndani. Vuta kiti uone."

Ulikuwa mchezo. Kila mchezaji alipewa kijiji kidogo, akakilimia, akakijengea ukuta na ghala, akafunza askari wa kukilinda. Wachezaji walikuwa maelfu, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na mchezo haukusimama hata ulipozima yako na kwenda zako. Kijiji chake alikuwa amekijenga kwa miezi mitano. Alinionyesha ukuta wake jinsi mtu anavyomwonyesha mgeni nyumba aliyoimalizia paa. Baada ya wiki mbili nami nilikuwa na kijiji, jirani na chake.

Kijiji cha peke yake hakidumu, kwa hiyo wachezaji walijiunga katika umoja. Wa kwetu ulikuwa wa Watanzania, na mkuu wake alikuwa mtu mzima aliyejitambulisha kuwa ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Sijapata kuona uongozi mbaya kama ule, na nimeona uongozi mbaya. Hakuitisha ushauri. Hakujibu hoja. Alianzisha vita na umoja wenye nguvu mara kumi kuliko wetu, kisha akaandika kwenye ubao wa matangazo, mbele ya wanachama wote: "Nyie wa migombani, mnalala? Acheni pombe yenu ya mbege, leteni jeshi!"

Mama yule alimwazimisha mkuu askari arobaini. Hawakurudi. Alipowaulizia kwa adabu, mkuu alimjibu palepale ubaoni: "Bibi, kalee wajukuu."

Nilimwona akikunja shali yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Tunaondoka," alisema. "Kitufe ni hiki hapa. Tunabonyeza, kwisha."

"Hatuwezi kuondoka kama watu waliovunja dirisha."

"Kwa nini tusiweze?"

Nilimweleza. Kwetu mlimani, mtu akitaka kujitoa katika mfongo, yaani mfereji wa maji ambao ukoo na majirani huchimba na kuusafisha pamoja, hanyamazi tu. Husimama siku ya kazi mbele ya wenzake wote, akasema anajitoa, akamaliza zamu yake ya kuzoa tope, na maji yake akayaacha yapite kwa wengine mpaka mzunguko uishe. Baba yangu alijitoa hivyo, tena kutoka kwa watu waliokuwa wamemdhulumu, na walimshika mkono alipoondoka. Nilisema kwamba ubaya wa kundi haumwondolei mwanachama wajibu wa kuondoka vizuri.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Na mimi mliponipunguza, bosi, nilipewa notisi ya siku ngapi?"

Barua ile ya kumpunguza ilipita kwangu. Niliiingiza kwenye rejista asubuhi ya Ijumaa na kumkabidhi saa tisa alasiri, kama nilivyoagizwa, wakati anafunika mashine yake ya chapa.

"Ndiyo sababu safari hii ifanyike ipasavyo," nilisema.

"Haya. Wewe ndiye mwenye kujua barua. Ila mimi ninachotaka ni kimoja tu: nitoke na kijiji changu kizima. Huyo mkuu sina haja ya mkono wake."

Niliandika barua hiyo kwa saa nzima. YAH: KUJITOA UMOJANI. Nilishukuru kwa ushirikiano, ingawa haukuwapo. Nilitaja kuwa sisi wawili tungeondoka Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi. Na kwa kuwa sijapata kuacha dawati bila makabidhiano, niliambatanisha taarifa kamili ya vijiji vyote viwili: urefu wa kuta, hali ya maghala, idadi ya askari na mahali walipo. Nakala kwa wanachama wote.

"Asante mzee, nimeona," mkuu alijibu. Niliichukulia kuwa ni dalili ya kujirekebisha.

Wengine hawakuwa na haya. Mmoja aliuliza, "Mzee, muhuri umegonga?" Mwingine: "Tunaomba na picha mbili za pasipoti."

Jumatano mama alitaka kuwarudisha nyumbani askari wake waliokuwa wakilinda kijiji cha mwanachama mwingine. Nilimkataza. Nilimwambia kwamba bado tumo katika kipindi cha notisi na wajibu wetu unaendelea. Alivuta pumzi, akasema, "Sawa, bosi," kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia nilipomrudishia barua ya kurasa nne aichape upya.

Jumapili hatukuja mjini. Mimi nilikuwa ibadani kule mlimani, naye kanisani kwake. Asubuhi hiyohiyo mkuu alituondoa umojani, siku moja kabla ya notisi kwisha, kwa sababu mchezo haukuruhusu kumshambulia mwanachama. Hicho ndicho watu wanachokiita kufukuzwa. Kumwondoa mtu aliyekwisha kutoa notisi si kumfukuza. Ni utovu wa nidhamu wa anayeondoa. Kisha alituma jeshi kwenye kijiji cha mama, na katika jeshi hilo walikuwamo wale askari arobaini alioazimwa.

Jumatatu nilifika saa tatu na nusu. Alikuwa amekwisha kufika. Kioo kilionyesha ghala tupu, ukuta hakuna, nyumba mbili zimebaki. Kijiji changu hakikuguswa. Sijui kama mkuu yule alinihurumia au alinidharau; yote mawili yananiudhi hadi leo.

"Alijua pa kupigia," mama alisema. "Upande wa mashariki, kwenye ukuta mfupi. Uliandika mwenyewe, aya ya tatu."

"Yalikuwa makabidhiano."

"Makabidhiano ya nini, bosi? Kijiji kilikuwa changu."

Nilifungua ukurasa nianze barua ya malalamiko. Aliweka kiganja chake juu ya kibodi, taratibu, akakiacha hapo mpaka nikaondoa mikono.

Nimelifikiri jambo hili zaidi ya nilivyopenda. Msimamo wangu kwamba mtu aage, sijauacha. Lakini nimekubali kwamba nilikosea kuhusu nani anayestahili kuagwa, na lini. Katika mfongo watu wanakutazama usoni, na kesho watakutana nawe njiani. Kwenye michezo ile mkuu mbaya hakutani nawe popote. Ukimpa siku saba umempa siku saba za kukumaliza. Anayestahili kuambiwa mapema ni yule anayekutegemea, naye huambiwa kwa faragha. Wa kwako warudishe nyumbani kwanza, ulichoazimwa kirudishe, kisha ubonyeze. Shukrani huandikwa ukiwa nje, mistari miwili inatosha, bila viambatanisho. Na mambo ya mtu mwingine hayaandikwi bila ridhaa yake. Hili la mwisho nilipaswa kulijua tangu masijala.

Nilimwambia hivyo, karibu kwa maneno hayohayo. Alisema amesikia.

Juma lile alianza kijiji kipya, mbali kidogo na kile cha zamani. Mimi nilianzisha umoja mpya, nikauandikia kanuni fupi, nikampelekea mwaliko. Ulikaa siku tatu bila jibu ilhali tulikaa viti viwili vinavyopakana.

"Umeuona mwaliko?" hatimaye niliuliza.

"Nimeuona."

"Basi?"

"Jirani, ndiyo. Mwanachama, hapana."

Nilitaka kumkumbusha kwamba kanuni ya pili ilimlinda kabisa dhidi ya yote yaliyotokea. Niliacha. Badala yake nilituma askari wangu kumi na wawili wakasimame kwenye ukuta wake mpya, ambao bado ulikuwa chini ya kiuno. Aliwapokea wanane na kuwarudisha wanne, bila maelezo yoyote, nami sikuyadai: ukuta ulikuwa wake.