Kitanda cha mninga nilichokichoma, kumbe siyo chenyewe

Kamwene wakuu. Wa Mbeya, ndaga.

Hii siyo chai. Nimeishia darasa la nne, ila uongo sijausomea popote.

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na tatu, baba alifariki nikaingia kwenye shimo la mbao huko Iringa. Gogo linalala juu ya shimo, mmoja anavuta msumeno juu, mwingine chini anakula vumbi. Wa chini nilikuwa mimi. Miaka sita.

Nilipompata Agripina niliapa hatalala kitanda cha kununua. Nikaingia msitu wa matambiko, ambao wazee walikataza kugusa hata kijiti, nikaangusha mninga. Wanaoujua wanajua unavyotoa utomvu mwekundu kama damu. Ule ulitoa mpaka buti zikalowa. Nikacheka. Nguvu zilikuwepo, akili bado.

Kitanda kikatoka, matendegu mazito kama miguu ya fahali.

Miaka kumi na tatu ndani ya ndoa, tukiwa na mabinti tayari, Agripina akaanza kutokwa damu nje ya siku zake. Inakuja, inaondoka. Halafu ikaja harufu. Alikuwa anafua mashuka kabla sijaamka ili nisijue. Tulipofika hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa.

Siku ya msiba shangazi yake aliingia chumbani, akashika tendegu, akanusa vidole.

"Mkwe, hiki kitanda kinakunywa damu."

"Shangazi, hiyo ni mbao."

"Haya. Oa mwingine uone."

Nikamuoa Semeni. Kwa kiburi nikamlaza palepale. Sitawachosha: damu ileile, harufu ileile, upande uleule wa kitanda. Naye nikamzika.

Safari hii nilikiburuta nje nikakichoma mchana kweupe. Mbao iliyokauka zaidi ya miaka ishirini, wakuu. Kwenye tendegu la upande wao likachuruzika jimaji jekundu, linachemka. Bisheni, mimi nilikuwepo. Na ule moshi ulikuwa na harufu ninayoijua.

Nikahama Iringa, nikaja Mbeya, mtaa wa Soweto. Nikamuoa Tumpe, Mnyakyusa mwenye mdomo wake. Tukanunua kitanda cha chuma. Mafundi wenzangu walinicheka, "Mzee, umehamia kwa wachomeleaji?"

Tukapata binti, Neema. Miaka ikapita, roho ikatulia. Nikajua nimemaliza.

Mwaka jana wahudumu wa afya walipita mtaani kuhimiza kina mama wakapime HPV, virusi vinavyoleta saratani ileile. Nikamwambia Tumpe, "Kitanda nilishachoma, wewe unakwenda kupima nini?"

"Baba Neema, kwani mimi ni kitanda?"

Akaenda kimya kimya. Unapewa kijiti chenye pamba, unajichukulia sampuli mwenyewe faragha. Simu yake ilikuwa mbovu, akaandikisha namba yangu. Ndiyo maana simu ya majibu nilipokea mimi.

"Naomba Tumpe aje, majibu yake yametoka."

Nikamsindikiza.

Positive, virusi anavyo. Hapo nikamwaga yote kwa nesi, binti wa kumzaa mimi. Mninga, utomvu, shangazi, moshi. Hakucheka. Akauliza taratibu:

"Mzee, kitanda ulichoma kabla ya kumuoa mama huyu?"

"Ndiyo."

"Na nyumba nyingine, mkoa mwingine?"

"Ndiyo."

"Sasa ni kitu gani kilikuwepo kwa wote watatu?"

Tumpe ndiye aliyejibu.

"Ni huyu hapa."

Nesi akaeleza. Virusi hivi vinapita kwenye kujamiiana, karibu kila mtu anavipata, mara nyingi mwili unavimaliza wenyewe. Kwa wachache vinakaa kimya miaka na miaka, mpaka vinageuka saratani. Mwanaume anaweza kuvibeba asijue. Nani alimpa nani, hakuna wa kuapa.

Hilo la mwisho nadhani alinionea huruma. Lakini kambi za mbao nilizolala, Mgololo mpaka Chunya, nazijua mwenyewe. Na sikuwa nalala peke yangu.

Nikasema basi nipimeni na mimi. Akasema wanaume hawana kipimo cha kawaida cha hivi virusi. Fikirini hapo. Kitu kimekaa nami nyumba zote tatu, sikioni, na sina pa kukichoma.

Tumpe wakamwangalia, wakakuta mabadiliko ya awali, saratani bado. Wakachoma palepale kwa kifaa cha joto, dakika chache. Akatoka anatembea, anadai chipsi. Arudi baada ya mwaka.

Kumbe kuchoma kulitakiwa kweli. Nilikosea pa kuchoma.

Lile jimaji jekundu hajatokea wa kunieleza.

Nilichojifunza: mkeo akitaka kupima, usimwambie upuuzi wako wa mbao. Mpeleke akiwa mzima, damu isisubiriwe. Agripina na Semeni nilisubiri damu. Neema ameshachomwa chanjo ya virusi hivi shuleni, na mabinti wa Agripina nimewapigia, wameenda.

Mwenye la kusema aseme, hata matusi. Nimekula vumbi la chini ya shimo, sitakufa kwa maneno.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Soweto, mashine mbili za kupasulia mbao, ekari kumi na moja za paina Mgololo, pikipiki moja, kitanda cha chuma.

Na Tumpe. Mwezi wa tatu anarudi kupima. Tunakwenda wote.