Benchi la Walioanguka

Nianze kwa kukiri, maana dukani nilikofundishwa kurusha ndege kila jambo lilianza hivyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mama wa watoto watatu ambao sasa wana maisha yao, mwimba kwaya wa sauti ya pili, na kila mahindi ya kijiji cha Sigino yakishavunwa huenda kwenye mashamba yale matupu kurusha ndege za mfano. Ni ndege ndogo zenye mota na betri. Unaziongoza kwa rimoti ukiwa umesimama chini, shingo imepinda na mdomo wazi. Ndugu wa mume wangu walipomuuliza kama habari hizo ni za kweli, aliwajibu kwamba afadhali mke anayetazama juu kuliko anayetazama simu za watu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu.

Mjini Babati duka la mambo yetu lilikuwa moja, na hilo moja lenyewe lilikuwa nusu. Sehemu ya mbele iliuza vipuri vya redio, nyaya na balbu. Sehemu ya nyuma, ukishapita friji bovu lililogeuzwa kabati, ndiyo ilikuwa yetu. Humo mlikuwa na mota ndogo, mapangaboi ya kila saizi, gundi, rababendi za kufungia mabawa, na rundo la yale maboksi meupe mepesi yanayokingia televisheni mpya zisivunjike, ambayo ukiyakata kwa wembe unapata bawa zuri kabisa.

Mwenye duka tulimwita Fundi tu. Ujanani alitengeneza redio kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha misheni, na padri mmoja mgeni aliyekuwa mgonjwa wa ndege za mfano alipoondoka kurudi kwao alimwachia sanduku zima la vifaa. Fundi akauza vilivyokuwemo, akaagiza vingine, na ugonjwa ukaenea mpaka kwa watu wasiotarajiwa, kama mimi.

Sheria ya duka ilikuwa moja. Huuziwi kipuri mpaka ukae kwenye benchi, utoe mabaki ya ndege yako, na ueleze ilivyoanguka, tangu iliporuka mpaka ilipogusa ardhi. Fundi alikuwa akivishika vile vipande na kuvigeuzageuza huku ukisema. Akiona unamdanganya anarudisha kipuri kwenye friji na kufunga mlango, taratibu, bila ugomvi. Wengine waliokaa benchini walikusikiliza, wala hakuna aliyeruhusiwa kucheka mpaka umalize.

Mara yangu ya kwanza nilisema ni upepo wa mlima Kwaraa. Wote huanza kwa kuusingizia upepo. Fundi akachomoa unyoya mweusi kwenye pua ya ndege yangu, akauinua kwenye mwanga wa mlango, akaniuliza kama siku hizi upepo wa mlimani unaota manyoya. Ikabidi nimtaje mbuzi wa jirani yangu kule Nakwa, ambaye alikuwa amesimama juu ya tuta akila majani yake bila kumkosea mtu. Nilipomaliza walicheka mpaka mwenzetu mmoja tuliyemwita bwana nyama akajifuta machozi. Kisha Fundi akanionyesha kwamba uzito wa ndege yangu ulikaa nyuma mno, na ndiyo sababu ilikuwa haitaki kuinuka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuruka, kwa kuwasikiliza watu wazima wakieleza walivyoanguka.

Bwana nyama niliyemtaja ana bucha karibu na soko, na ana mikono minene ambayo huwezi kuamini inavyogundisha bawa jembamba. Mwenzetu wa tatu ni dereva wa bajaji, kijana mwenye maneno mengi anayeruka kwa fujo kama anavyoendesha. Walikuwepo wengine, wakahama au wakachoka. Tukabaki watatu na benchi letu.

Ningependa sana kuandika kwamba usaliti ulianza kwa bwana nyama. Lakini nimeahidi kukiri. Ulianza kwangu.

Mota yangu iliungua, na Fundi akasema nyingine itachukua wiki tatu kufika. Nikakaa na simu yangu, nikaiona mota ileile, tena ya rangi nzuri zaidi, na chini yake kitufe cha kubonyeza. Nikabonyeza. Baada ya siku chache nilikuwa kwenye dirisha la mizigo la stendi ya mabasi nikipokea kiboksi kutoka Dar es Salaam, mtandio nimeuvuta hadi usoni kama mtu aliyekuja kuchukua dhambi yake. Mpokea mizigo aliuliza kuna nini ndani, nikasema chaki.

Mwezi uliofuata, dirishani palepale, nilimkuta bwana nyama amekumbatia kifurushi kirefu. Tulisalimiana kwa kirefu mno, tukaulizana habari za mvua, za wagonjwa, za ng'ombe. Akasema amefuata visu. Nikasema nimefuata chaki. Tukatoka pamoja kutafuta usafiri, na bajaji iliyosimama mbele yetu ikawa ni ya yule mwenzetu. Alivitazama vifurushi vyetu, akainua kiti cha nyuma, akatuonyesha kifurushi chake.

"Pandeni tu," alisema. "Chaki na visu vyote vinaenda njia moja."

Kikulacho ki nguoni mwako, na chawa wenyewe tulikuwa sisi. Hata hivyo hatukuacha kwenda dukani. Benchi tulilipenda, na Fundi tulimpenda. Tulikuwa tukienda, tunakaa, tunaeleza ajali zetu kwa ukweli wote, halafu tunanunua rababendi. Nyumbani kwangu nina rababendi za kufungia mabawa ya ndege zote za dunia hii. Siku moja Fundi alinipa pakiti nyingine, akaniangalia juu ya miwani, akasema kwamba siku hizi tunaanguka sana ila hatuvunji kitu. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye alikuwa na macho. Sisi tulicheka, akacheka na yeye, na mimi nikajiambia kwamba hajui.

Kisha akatutangazia. Binti yake anataka ile nusu ya nyuma auze kava za simu na chaja. Fundi amemwambia asubiri mpaka mvua za vuli zianze. Kama ndege bado zina wateja, wateja wataonekana kabla ya hapo, na kama hazina, friji litatolewa na benchi litatafutiwa kazi nyingine. Alisema hayo akifuta pangaboi moja kwa kitambaa, pangaboi ambalo halikuwa na vumbi. Niliogopa kulikosa lile benchi kuliko nilivyowahi kuogopa kukosa cheo, na nilijua ni nani amelikata miguu.

Bwana nyama ndiye aliyeleta mpango. Alisema muuza majeneza hafungi duka penye misiba, kwa hiyo kazi yetu ni kuleta misiba. Tukaangushe ndege zetu kwa makusudi, zivunjike sawasawa, twende kwa Fundi na orodha ndefu ya vipuri, na tufanye hivyo kila wiki hadi mvua. Mimi, ambaye huwaadhibu wanafunzi wanaonakili majibu, niliona ni mpango safi kabisa.

Jumamosi tukaenda Sigino. Nawaambia ukweli, kuangusha ndege kusudi si kazi nyepesi. Dole gumba lililozoea kuokoa linakataa amri. Mara mbili nilielekeza ndege yangu kwenye kichuguu, na mara mbili mkono ukaivuta juu wenyewe. Dereva wa bajaji aliangusha yake akiwa amefumba macho. Bwana nyama alivua kofia kwanza, kama mtu aliye makaburini. Mchungaji mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake alisimama, akatutazama watu wazima watatu tukibomoa mali zetu wenyewe, kisha akatuuliza kwa upole kama tumegombana.

Jumatatu baada ya vipindi tulikuwa benchini na mifuko yetu. Uongo wetu tulikuwa tumeupanga vizuri. Wa bwana nyama ulikuwa na kunguru, wa dereva ulikuwa na betri iliyokata ghafla, na wangu ulikuwa na bawa lililofyatuka angani. Fundi alitusikiliza wote mpaka mwisho bila kutukatiza, jambo ambalo lingenitisha kama ningekuwa na akili. Kisha akazipanga zile pua tatu zilizopondeka juu ya kaunta, moja kando ya nyingine.

"Hizi ndege hazikupiganiwa," alisema.

Akachukua yangu na kunionyesha. Mtu anayeanguka kweli huvuta mkia na kugeuza na kuomba Mungu, na ndege yake hugonga kwa ubavu, bawa moja likitangulia. Hizi zetu zote tatu zilikwenda kichwa chini, mikia mizima. Hata pangaboi langu lilikuwa halizunguki wakati wa kugonga, maana lilikatika upande mmoja tu. Nilizima mota kabla ya kugonga, kwa kuionea huruma isiharibike, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuza.

"Mwalimu," akasema, "nani amekutuma kuua ndege kwa ajili yangu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye kaunta. Nikakiri. Sikuishia kwenye kichuguu. Nilirudi nyuma hadi kwenye kitufe, mtandio, chaki na visu, na jinsi nilivyokuwa nikinunua rababendi ili nipate haki ya kukaa. Nililia kidogo pia, na sioni sababu ya kuficha. Wenzangu walikuwa wakiangalia sakafu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho kama desturi yake, kisha akafungua friji. Akasema tumesema kweli, kwa hiyo anatuuzia. Akatuuzia kila kilichovunjika, akanirudishia mkia wangu mzima na kuniambia nisiutupe.

"Ila wiki ijayo msije na maiti nyingine," akasema. "Mteja wa huruma sitaki."

Mvua zilipoanza, friji lilitoka. Siku hiyo nilipita upande wa pili wa barabara ili nisilione.

Msimu uliofuata nilirusha ndege ambayo kila kipande chake kilitoka kwenye dirisha la mizigo. Ilikuwa ndege nzuri, nisiisingizie. Mwezi wa nane ikanishinda juu ya Sigino, na safari hii nilipigana nayo hadi vidole vikaniuma, ikaanguka kwa ubavu kwenye mabua. Niliokota vipande kwa raha. Nilikuwa na habari ya kuanguka ambayo ilistahili kusimuliwa. Simu yangu ikaniuliza ninampa muuzaji nyota ngapi. Mume wangu alinisikiliza mpaka pale ndege iliporuka, akauliza kama kuna chai.

Nikavitia vipande kwenye mfuko, nikaenda dukani. Kulijaa kava za rangi zote, na binti yake alikuwa akihudumia kwa kasi. Lakini benchi lilikuwepo, mbele kabisa, na lilikuwa na watu watatu wenye simu zilizopasuka vioo. Fundi alikuwa ameshika simu ya dada mmoja aliyejipamba vizuri, akiigeuzageuza. Dada alikuwa amesema imemteleza.

"Iliyoteleza haivunjiki kona mbili," Fundi alimwambia. "Uliirusha."

Dada akatazama pembeni, akasema aliirusha ukutani, na akaanza kueleza ni nani aliyekuwa amesimama mbele ya ukuta. Waliokaa naye walisikiliza bila kucheka. Nikaketi mwishoni mwa benchi, mfuko magotini, nikingoja zamu yangu kama kila mtu.

Ilipofika, nilimwamkia, akaitikia marahaba. Alichungulia ndani ya mfuko, akachukua bawa lililovunjika na kulipapasa pale lilipokatika.

"Hii ilipiganiwa," akasema.

"Ilipiganiwa, Fundi."

"Sina cha kukuuzia, Mwalimu."

Nikamwambia najua. Akavuta stuli, akakaa mbele yangu, akaliweka lile bawa magotini pake.

"Haya. Anza pale iliporuka."